Mpangaji Naye Apande Mti

Mwezi wa kumi unaelekea ukingoni, jua la Unyamwezi linachoma mpaka mchanga unarudisha joto usoni, na kila mwenye jembe anatazama mawingu. Huu ndio wakati ambao hata sisi watu wa mjini hukumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi. Juma hili nataka tuzungumze juu ya kipande hicho. Kwa nini kwenye nyua nyingi za Cheyo, hapa mjini Tabora, utakuta matuta ya mchicha, lakini mche mchanga wa tunda hutauona? Na kwa nini vyote viwili visikae pamoja?

Mahali pengine swali hili lingekuwa la kawaida. Kwa Tabora ni swali la ajabu, kwa sababu mji huu ni mji wa miembe. Iko barabarani, iko kwenye viwanja vya shule, iko nyuma ya misikiti na makanisa, mingine minene hata watu watatu hawaikumbatii. Nani aliipanda?

Mwembe si mti wa asili ya huku. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Uliletwa pwani na wafanyabiashara wa bahari, na kutoka pwani ukapanda bara kwa njia ya misafara: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya mahali inapopendekeza paingizwe kwenye urithi wa dunia, na miembe mikongwe ni mojawapo ya alama zake. Wazee husema kwamba mingine ilipandwa kwa makusudi ili msafara upate kivuli kituoni, na mingine iliota yenyewe kutokana na kokwa lililotupwa na mpagazi aliyekula, akapangusa mdomo, akaendelea na mzigo wake begani. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa wakiwa wamefungwa minyororo. Hatuwezi kukisifu kivuli tukawasahau hao.

Tabora kilikuwa kituo kikuu cha njia hiyo. Waingereza Burton na Speke walifika hapa mwezi Novemba 1857, wakati pakiitwa Kazeh, wakakaa zaidi ya mwezi mzima. Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871 alikaa miezi kadhaa pale Kwihara, katika tembe ambalo hadi leo ni nyumba ya makumbusho. Msafara wa mamia ya watu ukikaa kituoni miezi, lazima ule. Wanyamwezi waliouzunguka mji walilima mtama, mahindi, mpunga na viazi vitamu, wakawauzia wapita njia. Wafanyabiashara wa Kiarabu nao walikuwa na bustani zao karibu na matembe. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ilipoteza kazi yake. Miembe ikabaki.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mengi ya matunda ambayo watoto wetu huyapiga mawe kila Desemba yametoka kwa watu ambao hawakukaa hapa kuyala. Walikuwa wapita njia. Leo sisi ambao tumekaa, tena wengine miaka kumi katika nyumba moja, hatupandi.

Nilimuuliza mama mmoja mpangaji ambaye mchicha wake unatamanisha: "Mama, mbona hupandi hata mpapai?" Akacheka. "Baba, nipande mti, halafu notisi ije kabla ya papai?" Nikamwendea mwenye nyumba mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, nikamwamkia na kumuuliza kama angemruhusu mpangaji wake kupanda. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mchicha achume tu, simkatazi. Mti, hapana. Akishapanda mti, kesho atasema kiwanja ni chake."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tumezoea kusema kwamba watu wa mjini hawapandi miti kwa sababu ya uvivu, au kwa kukosa miche, au kwa kukosa maji. Hayo yapo. Lakini sababu kubwa ni kwamba mchicha hauna ushahidi na mti una ushahidi. Mchicha unapandwa leo, baada ya wiki tatu au nne unachumwa, na hakuna atakayekuuliza neno. Mti unasimama. Vijijini, watu wakigombea shamba, wazee huuliza kwanza: huu mwembe ni wa nani, nani aliupanda? Mwenye nyumba wa mjini amelirithi wazo hilo, ndiyo maana anaogopa. Na mpangaji amelirithi pia, ndiyo maana hathubutu.

Wote wawili wana hoja, lakini hofu yao ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inaitambua miti iliyopandwa kuwa sehemu ya maendelezo ya ardhi, yaani kitu chenye thamani ambacho huhesabiwa katika fidia serikali inapotwaa kiwanja. Kwa mwenye nyumba hiyo ni faida, kwani kiwanja chenye miti mitano ya matunda kina thamani zaidi ya kiwanja kitupu. Na mpangaji wa chumba hawi mwenye kiwanja kwa sababu tu amepanda mwembe uani. Kupanda mti si kupewa hati.

Tena jambo la mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine si geni kwetu. Zanzibar na mwambao wamelijua kwa miaka mingi: mtu anaweza kuwa na minazi yake au mikarafuu yake katika ardhi ambayo si yake, na majirani wote wanajua mnazi upi ni wa nani. Ikiwa watu wa pwani wameweza kuutenganisha mti na udongo, sisi tutashindwaje kuutenganisha mpapai na chumba cha kupanga?

Nitalirudia hilo. Kwanza tuone tunapoteza nini.

Hapa Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Nafaka huvunwa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo miezi ya mwanzo wa mvua, mpaka kufikia Februari, ndiyo miezi ambayo ghala za wakulima zimepungua na bei ya unga sokoni imepanda. Na embe huiva lini? Kati ya Novemba na Januari. Mwembe hutoa maua wakati wa ukame na kuleta chakula wakati mahindi yangali majani shambani. Hakuna bwana shamba aliyeupangia ratiba hiyo.

Na tumbo si lote linalohitaji unga. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Wanapewa ugali, lakini ugali peke yake haumkuzi mtoto ipasavyo. Embe bivu, papai, mchicha na matembele vina vitamini A kwa wingi, ile inayolinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kupigana na maradhi. Wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, tulipokaa vikundi vikundi kuizunguka redio moja, tukajifunza mambo haya haya ya lishe. Redio zimeongezeka tangu siku hizo. Je, miti uani imeongezeka?

Sasa tuje kwenye kiwanja chenyewe. Wengi hudhani lazima mtu achague: ama mti, ama mboga, kwa sababu mti una kivuli. Ni kweli kwamba chini ya mwembe mkongwe huvuni kitu cha maana. Lakini mwembe hauzaliwi mkongwe. Mche uliobebeshwa, yaani mche wa mbegu ya kienyeji uliounganishwa kikonyo cha aina bora, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ule wa kokwa huchukua miaka mitano hata minane. Katika miaka yote hiyo ya kusubiri, jua linafika chini. Ni miaka ya mchicha, ya kunde, ya nyanya chungu, ya mgagani.

Mpango wake ni huu. Mwembe upewe nafasi yake, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye mti mkubwa mwingine, na uwe mbali na ukuta na shimo la choo. Kama kiwanja ni kidogo, mwembe mmoja unatosha, na upunguzwe matawi kila baada ya mavuno ili usiwe msitu. Katikati ya nafasi hiyo ingiza mipapai, kila shina hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Mpapai huzaa kabla au mara baada ya kutimiza mwaka mmoja, na baada ya miaka michache huchoka na kukatwa, wakati ule ule mwembe unapoanza kudai nafasi. Weka miche mitatu katika shimo moja, subiri ichanue, kisha ng'oa madume, maana mpapai dume haukupi tunda. Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama. Penye udongo mweusi wa mbuga, inua tuta kwanza.

Mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, chimba shimo pana, jaza samadi na majani, panda mgomba. Kwenye uzio pandisha mpasheni. Kwenye kona panda mlimau au mndimu, kwani hakuna nyumba isiyotumwa mtoto dukani kununua ndimu moja. Chini ya hivyo vyote, penye jua kamili weka mchicha na kunde. Kunde huupa udongo rutuba badala ya kuumaliza. Penye kivuli cha nusu weka matembele. Penye kivuli kizito na unyevu weka magimbi. Funika udongo kwa matandazo ya majani makavu. Majani ya mwembe ambayo tunayafagia na kuyachoma kila asubuhi, tukijaza moshi mtaa mzima, ndiyo blanketi ambalo mchanga wetu unalililia wakati wa kiangazi.

Wachaga wa Kilimanjaro wanaujua ukulima huu wa ghorofa kwa ghorofa tangu zamani: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na magimbi ardhini. Hatuwezi kuwaiga kila kitu. Wao wana mifereji ya maji kutoka mlimani, sisi tuna miezi sita ya vumbi. Kwa hiyo tusipande miche thelathini tukaiua kwa kiu mwezi Agosti. Panda mitano, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi barabara, uimwagilie maji ya nyumbani katika viangazi viwili vya mwanzo. Mwembe ukishashika mizizi utajitafutia wenyewe. Maji ya kufulia yenye sabuni kali usiyamwage kwenye mboga.

Nataka pia tusidanganyane kwamba mwembe hauna taabu. Tangu mwaka 2003 Kenya na Tanzania zimevamiwa na inzi wa matunda kutoka Asia. Hutaga mayai ndani ya embe likiwa mtini, na ukilipasua unakuta funza. Dawa ya kwanza ni usafi: maembe yaliyoanguka yasiachwe yakaoza chini ya mti, yazikwe shimoni, nusu mita au zaidi kwenda chini. Jirani mmoja akifanya na watano wasifanye, inzi watavuka ua. Hili ni jambo la mtaa mzima.

Taabu ya pili ni kwamba maembe huiva yote kwa pamoja. Desemba fungu halina bei, na Machi hakuna hata moja. Watu wa Unyamwezi na Usukuma hawahitaji kufundishwa kukausha chakula; viazi vitamu wamevigeuza michembe na matobolwa tangu enzi za mababu. Tofauti ni moja. Michembe huanikwa wakati wa jua kavu, na embe huiva wakati wa mvua. Basi kichanja cha embe kinahitaji paa la nailoni linalopitisha jua na wavu wa kuzuia inzi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza.

Tena tusiyasahau matunda ya porini kwetu. Ntonga, mbura, makusu: watoto wa Tabora wamekua nayo. Wakulima walipofyeka pori la miombo, mara nyingi waliiacha miti hiyo imesimama shambani. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji, wakishirikiana na shirika la kimataifa la kilimo mseto lenye makao yake Nairobi, waliifanyia kazi miti hiyo, na akina mama wa vijijini wakafundishwa kutengeneza juisi, jamu na mvinyo kutokana na matunda yake. Ntonga huiva kiangazi, wakati embe halipo. Aliye na nafasi uani asidhani kwamba mti wa heshima ni ule tu uliotoka ng'ambo.

Sasa nirudi kwa yule mama na yule mzee, kwa sababu bila wao kuelewana, maelezo yote niliyotoa ni maneno ya hewani. Nawaomba watazame bustani mchanganyiko kwa jicho jingine. Kila mmea una muda wake. Mchicha ni wa mwezi mmoja, mpapai ni wa mwaka, mwembe ni wa maisha. Na wakaaji wa nyumba nao wana muda wao. Mpangaji ana mwaka au miaka mitatu. Mwenye nyumba ana maisha yake na ya wanawe. Basi kila mtu apewe mmea wa umri wake. Mboga, mipapai, migomba na pasheni viwe vya mpangaji, avune vyote au agawane na mwenye nyumba. Mwembe na mlimau viwe vya mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Yeye atoe fedha ya mche, mpangaji atoe jasho la kuchimba na kumwagilia, na miti ikizaa mpangaji akiwa bado yupo, wagawane nusu kwa nusu.

Yaandikwe katika karatasi moja. Miti mingapi, imepandwa wapi, mavuno yanagawanywaje. Liandikwe waziwazi kwamba mpangaji hana dai lolote juu ya kiwanja kwa sababu ya miti hiyo. Na liandikwe kwamba akiondolewa kabla ya mipapai yake kuzaa, atalipwa bei ya miche na kiasi walichokubaliana kwa utunzaji. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie, kila mmoja abaki na nakala yake. Tunaandikiana kwa ajili ya kodi ya chumba na bili ya umeme. Kipi kigumu katika kuandikiana kwa ajili ya papai?

Mwenye nyumba atauliza: nitapata nini? Utapata mtu anayetunza kiwanja chako bila mshahara, utapata kivuli kwenye bati lako, utapata mti ambao ungelipa fedha nyingi kuukuza. Na pengine utapata mpangaji asiyekuwa na haraka ya kuhama, kwa sababu ana kitu anachokisubiri.

Na madiwani wetu, wanaokaa na kupanga mji, nawaomba jambo moja tu. Kila mwaka hupandwa miti ya kivuli kandokando ya barabara kwa sherehe na picha, kisha mbuzi wanaimaliza. Tupeni sehemu ya miche hiyo iwe ya matunda, na mtupe wananchi majina ya kuitunza: mti huu mbele ya duka la fulani ni wa fulani kuulinda, na matunda ni ya mtaa. Mti usio na mwenyewe ndio unaoliwa na mbuzi.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wapagazi wa zamani walichuma juani, na sisi ndio tunaokula kivulini mwao. Mvua zinakuja. Kabla hazijafika, mpangaji agonge mlango wa mwenye nyumba wake, au mwenye nyumba amwite mpangaji wake, wakae juu ya mkeka, waulizane: tuanze na shimo lipi?